Maji Yaliyompotea Profesa

Nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa msichana wa shule, kwa jinsi alivyopenda fizikia kuliko kula. Jina likamganda, uprofesa wenyewe ukamkwepa. Akajifunza kuandika programu za kompyuta, akaajiriwa kwenye ofisi inayokokotoa mafuriko: unaipa mashine mvua na sura ya bonde, nayo inakwambia maji yatafika mlangoni kwa nani. Kwa miaka mingi programu iliyotumika ilikuwa yake, na kwenye korido za ofisi ile alitembea kama mwenye nyumba.

Kisha akaja mdogo wake. Yule yule ambaye Profesa mwenyewe alimfundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda sakafuni jikoni! Aliifuata njia ya dada yake, akampita, akarudi na shahada ya udaktari na programu mpya. Mama yao hakuwapa majirani nafasi ya kupumua: daktari wangu hivi, daktari wangu vile. Profesa alicheka kwa meno tu. Kijiba cha roho kilimshika, wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Ikafika siku mkuu wa kitengo alitaka programu moja tu ibaki, na mwenye nayo aongoze kikundi. Akampa Profesa ile ya mdogo wake aikague.

"Kwa kuona makosa hakuna kama wewe," alimwambia.

Aliichambua mstari kwa mstari, akiomba Mungu apate kosa. Wapi! Akabakiwa na jaribio moja la kizamani: mimina maji ya kompyuta bondeni, kisha jumlisha yaliyobaki na yaliyotoka. Jumla isipolingana na ulichomimina, programu inavuja. Ya mdogo wake ililingana mpaka tarakimu ya mwisho. Kwa hasira, apate angalau kusema "hata yangu inalingana", akaipima na ya kwake kwa mvua kubwa ambayo hakuwahi kuijaribu.

Maji yakapungua. Akarudia, yakapungua vile vile. Mvua ya namna ile ikinyesha kweli, programu yake ingewaambia watu wa bondeni walale.

Alimkuta mdogo wake chumba cha mashine, kajikunyata ndani ya sweta, maana viyoyozi vya mle havina huruma.

"Yangu inavuja," akasema.

Mdogo wake akainamisha macho. "Najua, dada. Nilianzia kwenye ya kwako. Nilipoona maji yanapotea ndiyo nikaandika nyingine, ili ya kwako ipumzike yenyewe, bila maneno."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe si ndiye Profesa?"

Akamkazia macho akitafuta dharau, hata chembe, apate pa kuishikiza chuki yake. Hakuiona. Hapo roho ikamuuma kuliko siku zote. Kuzidiwa akili angevumilia. Kumbe hata kwa wema mtoto yule alikuwa amemwacha mbali.

Akaenda kwa mkuu, akasema ya mdogo wake ichukuliwe na ya kwake izimwe leo leo, inavuja. Alisema haraka, asije akabadili mawazo.

Jioni mama akapiga simu. "Eti daktari wangu amepita?"

"Amepita, mama," Profesa akajibu. "Lakini niambie, nani alimfundisha kuhesabu?"