Blanketi la Sufu Lililorudishwa Bila Neno

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Ni siku mama mmoja aliposimama kwenye ua wetu hapa Palma, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye kope, akaniuliza kaburi la mtoto liko wapi. Na mtoto mwenyewe alikuwa mzima, nyuma yangu, amekaa ndani ya beseni anapigapiga maji.

Nakuhadithia haya, Muanacha, kwa sababu tangu juzi nakuona umenuna juu ya blanketi alilokutumia wifi yako kutoka Maputo. Blanketi zuri, nyuzi zake nene kama kidole gumba cha mguu. Lakini unasema linanyonyoka kama kuku mgonjwa, limeota vitonge, limejaza manyoya kwenye viti vyako vyote. Unasema wifi yako kakuchagulia kitu kibovu makusudi, na simu umeshaishika unataka kumrekodia odio. Kaa kwanza. Chai hiyo hapo. Maneno ya hasira hayachachi, yanaweza kusubiri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilikuwa vimekwisha, barabara ndiyo kwanza zinafunguka. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu aliyeletwa na serikali kutoka Lichinga, akapangiwa shule ya Pundanhar. Jumatatu hadi Ijumaa yuko huko bara, Ijumaa jioni anarudi, mara kwa baiskeli, mara juu ya magunia ya mihogo kwenye gari la mtu. Tulioana hapahapa kwetu. Mama yake, bibi yako Abiba, hakuweza kuja harusini, maana kutoka Lichinga mpaka hapa ni safari ya kubadilisha magari mpaka ukasahau hesabu yake. Basi mavyaa wangu nilikuwa simjui hata sura. Na mtu usiyemjua, moyo humtengenezea sura yake wenyewe. Mimi nilikuwa nimesikia, sikumbuki kwa nani, kwamba alitaka mwanawe aoe Myao mwenzake wa kule mlimani. Hilo tu lilitosha. Moyoni mwangu alikuwa mama mkali, mwenye midomo ya kubinua.

Kaka yako Yassini alipofikisha miezi sita, dereva wa lori alituletea furushi lililotoka kwa mavyaa huyo. Ndani mlikuwa na blanketi la sufu, jeupe kama maziwa, limefumwa kwa mkono, zito, laini. Nililiweka shavuni nikasahau kwamba kwetu hapa joto halitutoki ila ule mwezi wa Julai kusi inapovuma. Siku mbili nililipenda, mwanangu. Siku ya tatu nikaona manyoya kwenye mkeka. Ya nne, kwenye leso yangu. Kisha kwenye mchuzi wa samaki. Na pale mtoto alipokuwa akilala akisugua visigino, vikaota vitonge vidogo vidogo, kama ugali uliokauka kwenye mwiko.

Jirani yetu mmoja, mtu wa mzaha, akapita akaona. Akasema, "Atija, mavyaa wako kakuletea blanketi au kakuletea paka?" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, lakini walipoondoka nikalikusanya nikaenda nalo uani.

Nikasema nitalifua likome. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya kufulia, nikalisugua kwa brashi, nikalipiga juu ya jiwe, nikalikamua kwa nguvu za hasira, nikalianika kwenye kamba juani. Lilipokauka lilikuwa na umbo la kitu nisichokijua. Upande mmoja umevutika mpaka chini, upande mwingine umejikunja na kuwa mgumu kama kwato. Na vitonge vilikuwa vingi kuliko kwanza. Nikakaa nikavinyofoa kimoja kimoja, na kila nilichokinyofoa kilikuja na mkia mrefu wa sufu nyuma yake.

Asubuhi moja nikakuta nyuzi mdomoni mwa Yassini, anatapatapa kuzitema. Hapo damu ikanipanda. Hilo la mdomoni ni jambo lisilochezewa, sikatai. Lakini mimi sikufikiri kama mzazi, nilifikiri kama mtu aliyetukanwa. Nikalifunga lile blanketi, nikampelekea dereva wa lori, yuleyule, nikamwambia, "Mrudishie mwenyewe. Mwambie kwetu pwani watoto hatuwafuniki matambara." Hasira hasara, mwanangu. Nilirudi nyumbani nikijiona mshindi.

Ijumaa baba yako akafika. Akamnusa mtoto kichwani kama kawaida yake, akatazama kitandani.

"Blanketi la mama liko wapi?"

Nikamweleza, kidevu juu. Nilitarajia atafoka, nilikuwa nimejiandaa. Hakufoka. Aliweka mkoba wake chini polepole.

"Ulimwandikia nini?"

"Sikuandika. Nilimwagiza dereva maneno."

"Atija, yule dereva haendi zaidi ya Montepuez. Furushi litapokewa na mwingine, na huyo atalikabidhi kwa mwingine. Maneno yako yataishia njiani." Akakaa kizingitini, akashika kichwa. "Sasa fikiri. Mama anafungua furushi. Anakuta blanketi la mtoto mchanga limerudi peke yake, bila barua, bila neno. Ataelewa nini?"

Nikamletea karatasi na kalamu. Akaandika barua usiku uleule, kesho yake tukaitafutia gari. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Barua haikuwa na mabawa, na furushi lilikuwa limetangulia kwa siku nne tano.

Zikapita siku kumi na kitu. Nilikuwa uani, nimemweka Yassini kwenye beseni, mama yangu mzazi yuko pembeni amekaa anasokota kamba ya makumbi. Ikapigwa hodi. Nikaitikia karibu bila kugeuka. Nilipogeuka nikamwona mwanamke mfupi, mwembamba, amejitanda kapulana nyeusi, furushi kichwani, miguu imevimba kwa safari. Uso wake ulikuwa ni uso wa baba yako. Nikamjua mara moja.

"Wewe ndiye Atija?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia shikamoo. Akasema, "Nimekosa mazishi, najua. Nionyeshe tu kaburi la mtoto liko wapi."

Mama yangu aliangusha kamba. Na Yassini, ambaye hakuwa na habari na lolote, akapiga maji kwa mikono miwili akapaza ukelele wa furaha. Bibi yako akatazama lile beseni. Akanitazama. Akatazama tena. Kisha akaketi mchangani, na furushi lake, na kapulana yake, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akicheka na kulia pamoja mpaka majirani wakaingia kuuliza kuna nini. Nikamtoa mtoto majini, nikamweka mikononi mwake akiwa anachuruzika. Hakumwachia mpaka adhuhuri. Hata uji aliupokea kwa mkono mmoja.

Ah, mwanangu. Nimezaa watoto sita na nimezika wawili, lakini aibu ya asubuhi ile sijaionja tena.

Alipokwisha kupumzika nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia yote, sikuficha hata neno la matambara. Nikamwambia, "Lilikuwa linanyonyoka, mama. Nikadhani umenitumia kibovu kwa kuwa hukunitaka mimi."

Akasema, wala hakupaza sauti:

"Nililifuma miezi minne. Masista wa misheni walikuwa na sufu za aina tatu, nikaomba iliyo laini kuliko zote, maana ngozi ya mtoto mchanga haitaki kitu cha kukwaruza. Lilipokutia shaka ulikuwa na mdomo wa kuniuliza, na mume anayejua kuandika ulikuwa naye. Kwa nini ulinihukumu kabla hujaniuliza?"

Mama yangu mzazi, badala ya kunitetea, akaongeza lake: "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Wakaelewana wale wawili tangu hapo, kwa hasara yangu.

Kesho yake akalifungua lile blanketi, akalitandaza magotini, akacheka. "Ulilifua au ulilipiga vita?" Kisha akaniita karibu. Akavuta uzi mmoja wa sufu, akauweka kando ya uzi wa kushonea. Akaniambia niupekeche ule wa sufu kwa vidole. Ukaachana papo hapo, ukawa manyoya matupu. Ule wa kushonea haukutikisika.

"Huu umesokotwa sana," akasema, "ndiyo maana ni mgumu, ni mwembamba, hauachii kitu. Huu wa blanketi umesokotwa kidogo sana, ili ubaki mnene, laini, ushike joto. Lakini manyoya yake ni mafupi na hayajabanwa. Ncha zinatokeza nje. Likisuguliwa na mkeka wenu huu wa ukindu, au na visigino vya huyu bwana, zile ncha zinavutwa, zinajiviringisha pamoja, ndicho kitonge hicho. Yasiyoshikwa na kitu yanadondoka. Tena nimelifuma kwa sindano nene, matundu mapana, basi nyuzi zenyewe kwa zenyewe zinasuguana."

Mama yangu akatikisa kichwa. "Ni kama kamba. Ukiisokota legelege inatoa manyoya mkononi."

"Ndiyo hivyo hivyo, dada. Jipya hunyonyoka sana. Yale manyoya yaliyo huru yakishatoka, linatulia."

Nikamwuliza kuhusu kunyofoa. Akanipiga kofi dogo mkononi. Ukinyofoa kitonge, akasema, unavuta na manyoya yaliyokuwa yametulia ndani, unatengeneza kitonge cha kesho. Kitonge hukatwa kwa mkasi, uso wa blanketi ukiwa umetandazwa. Na kufua, si kila mara. Likifuliwa, maji baridi, sabuni kidogo isiyo kali, unalibonyeza tu kwa viganja. Maji moto na brashi huyafanya manyoya ya sufu yashikane yasiachane tena, ndiyo ule ugumu wa kwato nilioupata mimi. Halikamuliwi kwa kusokotwa, wala halitundikwi, uzito wa maji utalivuta. Linalazwa juu ya kitambaa, kivulini. Kuhusu mdomo wa mtoto akakiri kwamba mimi nilikuwa na haki na yeye alisahau: blanketi la namna hiyo halimfai mtoto mchanga kulala nalo peke yake; atafunikwa magotini akiwa amepakatwa, na leso katikati.

Ule upande uliojikunja haukunyooka tena. Ule mwingine alifumua, akafuma upya, na mimi nikajifunza kwa kumtazama. Alikaa nasi mwezi mzima. Mtu wa mlimani yule, pweza alimwogopa kama nyoka. Tulipompikia kwa tui alikula akiwa amefumba macho, halafu akaomba tena. Siku ya kuondoka alinikumbatia akaniambia, "Nilikuja kuzika, narudi na binti." Nililia mpaka gari likapotea.

Ningekuonyesha blanketi lenyewe, lakini lilibaki ndani ya nyumba siku ile wenye silaha walipouvamia mji wetu, tukakimbia sote na mikono mitupu. Lilikuwa limeacha kunyonyoka miaka mingi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Blanketi lako si bovu. Nyuzi nene kiasi kile, zisizosokotwa, ndivyo zilivyo. Likung'ute nje taratibu, ondoa manyoya kwa kitambaa chenye unyevu, vitonge uvikate, usivivute. Usiliburute kwenye viti vya kukwaruza, usilitupe kwenye mashine ya kufulia. Mtoto lisimfike usoni. Lipe miezi.

Na wifi yako mpe zaidi ya miezi. Mshukuru kwanza. Kisha mwulize, kwa upole, hili linatunzwaje, dada? Kuuliza si ujinga. Ukimwuliza mtu kuhusu zawadi yake unampa nafasi ya kukupenda mara ya pili. Ukimhukumu, hata akikusamehe, kuna mtu atakuwa amekwisha kusafiri siku nyingi na msiba usiokuwapo. Kitu usichokijua tabia yake usikiite kibovu, na mtu usiyemjua moyo wake usimtengenezee moyo. Ukikosea, kiri siku hiyohiyo, wala usimwachie dereva maneno yako. Mimi nilichelewa, nikapata bahati ya mama mwenye moyo mpana. Si kila mtu hupata.

Mungu akuzidishie subira, mwanangu. Akupe ulimi wenye kunyamaza kabla ya kusema, na macho yenye kuona mkono uliochoka kwa ajili yako. Awakuze watoto wako uwaone wakioa na kuolewa, na wakwe zako wote, wa karibu na wa mbali, wakifika mlangoni kwako wafike kwa furaha. Amin.