Kivuli cha Nyayo Saba

Sote tuliokuwapo Birkat al Mauz, kule Omani, tunakubaliana kwa hili: bibi mmoja, akitafuta jamaa zake, alimwonyesha mzee msimamizi wa falaji, mfereji wa kijiji unaogawa maji kwa zamu, nakala ya sensa ya zamani ya Pemba. Jina la ukoo wa babu yake lilikuwa limeandikwa kombo.

“Huyu simjui, mama,” mzee akasema, akiirudisha.

Bibi akaikunja polepole. “Alikuwa na vituko, mzee wangu. Pemba mvua tele, naye hamwagilii migomba mpaka kivuli cha kijiti chake kifike nyayo saba.”

Mzee akatua kikombe. “Hapo ndipo zamu yetu ya maji huanza, mpaka leo. Karibu kwenu, mtoto wa ami.”

Kisheria, kivuli si hati, na huenda ukoo mwingine nao ulihesabu saba. Lakini hati ilikuwapo, ikakataliwa. Msomaji, hukumu ni yako.