Ua wa Minyaa wa Madamu Assia

Madamu Assia amefundisha watoto wadogo hapa Buterere miaka kumi na tisa, na hajawahi kumwambia mtoto "usiguse" akaishia hapo. Mimi ninayefundisha darasa la jirani ningekuwa nimeshachoka. Yeye lazima aeleze kwa nini.

Mwezi wa pili watoto walikuwa wakicheza mapishi. Houda, mwenye miaka mitano, alitaka maziwa ya chai, akavunja tawi la mnyaa kwenye ua wa shule na kukinga utomvu wake mweupe kwa kifuniko cha chupa. Kisha akajikuna jicho. Lilivimba siku tatu, tukashukuru Mungu likapona.

Baba yake, Tajudini, fundi wa pikipiki, akasema ataufyeka ua wote. Assia alinyong'onyea. Aliupanda mwenyewe, kijiti kwa kijiti, nao ndio unaozuia mbuzi wasimalize mchicha wa shule na kushika udongo mafuriko yakija. Hata hivyo hakubishana na mzazi mwenye uchungu. Alimwomba juma moja tu.

Juma hilo akawauliza watoto kwa nini mama zao huloweka mihogo michungu. Wakasema ili isiwadhuru. Na mbuzi akija, muhogo utakimbilia wapi? Wakacheka, maana muhogo hauna miguu. Basi, akasema, mmea usioweza kukimbia hujiwekea sumu ndani, ili anayeula auache. Hauna chuki na mtu. Kisha akawapanga mbele ya mnyaa, mikono nyuma, wakausalimia kwa adabu. Mimi nilicheka peke yangu dirishani.

Jumamosi Tajudini akaja na panga, Houda nyuma yake. Alikata matawi matatu, jasho likamtoka, akainua mkono ajipanguse uso.

"Papa, usishike macho," Houda akasema. "Ule muti hauna miguu, haiwezi kukimbia, njo maana inakurushia maziwa. Nawa kwanza na sabuni."

Tajudini akautazama mkono wake. Ulikuwa umelowa utomvu hadi kwenye kifundo. Alinawa mara mbili, binti yake akimmiminia maji, na panga halikuinuliwa tena.

Baadaye alimuuliza Assia kama matawi yale yanaweza kushika yakipandwa. Assia, uso umemchangamka, akamwonyesha pengo karibu na lango. Tajudini akavaa glavu zake za gereji, akayachomeka hapo yote matatu.