Mikono Iliyoshika Kinyonga

Watu wangu, leo mwalimu wetu wa bayolojia amekimbia somo lake mwenyewe!

Tulienda na darasa yote kuona wanyama huko karibu na mlima. Njia nzima anatuhubiria: "Hii maneno ya ati kinyonga ni mkosi, muache nyumbani. Sisi ni wanasayansi."

Sawa, mwalimu.

Tukafika. Mtunza wanyama akamwekea mwalimu kinyonga kwa mkono, tuone vile vidole zake hushika tawi.

Mwalimu akapiga nduru!

Akarusha mkono, lakini kinyonga haikuanguka. Ilishika sweta, ikaanza kupanda polepole ikielekea shingo. Darasa yote ikarudi nyuma.

Sijui nini iliniingia. Nikaenda nikaitoa.

Ilinishika kidole kama mtoto mchanga. Jicho moja kwangu, lingine bado kwa mwalimu.

Sasa niko nyumbani, hapa mtaani Skuta, na bado nasikia hizo vidole. Nimeosha mikono, nikaosha tena. Cucu, nyanya yangu, anakanda unga ya chapati, ananiangalia tu, anacheka:

"Unajisugua hivyo, kwani umeshika kinyonga? Njoo unisaidie kukanda."

Nimwambie ama ninyamaze? Jibuni haraka, ameanza kusogeza karai.