Bahasha za Gakii

Gakii alikuja Toongabbie, ng'ambo anakoishi bintiye, mapema mwaka 2020 kumlea mjukuu kwa miezi mitatu. Korona ikamfungia huko mwaka mmoja na nusu. Mkobani mwake mlikuwa na bahasha kumi na moja zilizobanwa kwa gundi: maombi ya wanawake wa jumuiya yake kule Meru. Wakati wa kurudi angepitia Ethiopia, azione sanamu za mawe za kale, kisha apande mlima miguu peku hadi kanisa la mahujaji lililochongwa mwambani, aziweke ndani kwa mkono wake mwenyewe. Sasa ndege hakuna.

"Binti ya Mama Kendi ameshaolewa," alimlalamikia bintiye Nkatha, muuguzi, "na mimi bado nimebeba ombi la mchumba! Mungu akimletea mume wa pili?"

"Fungua basi, Mama, utoe hilo moja."

"Nifungue barua ya Mungu? Ulisomea uuguzi au wizi?"

Lililomkosesha raha hasa ni bahasha ya Karimi. Karimi alizikwa Juni. Gakii aliyatazama maziko kwenye simu, bahasha ikiwa mapajani. Marehemu aliomba nini, hakuna ajuaye.

Jumamosi moja ya Agosti akavua viatu. "Twende hija."

"Mama, kwa amri ya korona mwisho wetu kilomita tano kutoka nyumbani. Na kanisa la hapa limefungwa."

"La Ethiopia li wazi, silifikii. Yote ni mbali tu."

Kwenye lango la jirani walisimama mbele ya simba wawili wa saruji, wameota kuvu.

"Hawa ni wa kale?"

"Wa mwaka 2000, Olimpiki ilipokuja hapa."

"Watatosha."

Barabarani polisi akawasimamisha. Nkatha akamjibu kwa Kiingereza kwamba wanafanya mazoezi.

"Umemwambia nini?"

"Mazoezi."

"Kwenye hija hatudanganyi, Nkatha. Mwambie."

Akaambiwa. Polisi akaitazama miguu ya Gakii kwenye lami ya baridi, akamwomba apandishe barakoa ifunike pua, akawaacha wapite.

Mlango wa kanisa ulikuwa na tundu la barua. Gakii alitaja jina, akasukuma bahasha, jina, bahasha. Ya Karimi akaibakiza mwisho. Hiyo hakuiachia ianguke tu. Aliizamisha pamoja na mkono, mpaka kiwiko kikanasa.

"Mama! Ngoja nikuvute."

"Usiniguse," alisema Gakii, paji la uso kwenye mbao. "Nimeshafika ndani. Niache kwanza niombe."