Tairi Lililopelekwa Nyuma

Ukitoka Garissa kwa barabara ya Modogashe, ukishazipita nyumba za mwisho za mabati, utaona turubai jeupe limefungwa kwenye mgunga na chini yake rundo la matairi. Hapo ndipo kazini kwa Kerrow. Ukisimama akujazie upepo, atakuuliza habari za nyumbani kwanza, habari za gari baadaye. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, ndevu kazipaka hina, na viganja vyake vimeingia weusi wa mpira ambao hata udhu wa mara tano kwa siku haujawahi kuutoa.

Hivyo viganja ndivyo nataka kuwasimulia.

Baba yake alifuga ngamia. Kila jioni kabla ya kukamua, mzee yule alipitisha kiganja kwenye kiwele cha ngamia, polepole, macho kayafumba, akitafuta uvimbe. Akiupata ungali mdogo kama punje ya mtama, aliuwahi kwa dawa. Ukimponyoka, kiwele kiliharibika. Ukame ukaja ukawamaliza ngamia wale, na Kerrow, kijana bado, akaenda Dadaab kuziba matairi ya malori ya maji. Huko ndiko alikogundua kwamba amerithi kitu. Maana tairi nalo huvimba. Ndani ya mpira mna nyuzi za waya, na zikianza kuachana, juu yake panainuka kidogo tu. Jicho halioni. Kiganja cha Kerrow kiliona.

Akarudi Garissa, akafunga turubai lake, na madereva wakamzoea. Gari likitetemeka, hakukimbilia spana. Aliuliza. Linakutetemesha wapi? Usukani ukikuchezea mikononi, ugonjwa uko mbele. Kiti kikikutekenya, uko nyuma. Likitetemeka ukikanyaga breki tu, hiyo si kazi yangu, nenda kwa fundi wa breki. Linaanza mwendo gani? Kisha alichungulia ndani ya rimu, na mara nyingi kisa kiliishia hapo: tope la lagga, lile korongo la mvua, limekauka upande mmoja, akalikwangua kwa bisibisi na mwenye gari akaenda zake akicheka.

Kama si tope, aligusa tairi lote kwa kiganja, halafu akalivika kwenye kitovu cha gurudumu la gari bovu alichokisimika juu ya gogo, chenye beringi laini. Alilisukuma kwa kidole kimoja na kungoja. Upande mzito ulishuka wenyewe ukatulia chini. Akabandika kipande cha madini ya risasi juu, akasukuma tena, akangoja tena, mpaka gurudumu likasimama popote unapoliachia. Ilikuwa kazi ya subira, na watu walikaa na bilauri zao za chai kuitazama.

Katika hao waliokaa na chai alikuwamo Yarow.

Yarow aliendesha pikapu ya maziwa. Kila alfajiri alitoka mjini na mitungi mitupu, akawapitia wafugaji waliomngoja kando ya barabara, na kabla jua halijawa kali akarudi nayo imejaa. Mkewe, Timiro, aliyapokea sokoni na kuyauza. Ilikuwa kazi ya mbio, kwa sababu maziwa yakikaa juani yanachacha, na mfugaji aliyemwaga maziwa yake leo kesho hakungojei.

Alfajiri moja Yarow alisimama chini ya turubai bila kuzima injini.

"Usukani unanitetemesha, bwana. Mikono imekufa ganzi kama ya mzee."

"Wewe ni mzee," Kerrow akamwambia. "Zima hilo gari."

"Sizimi. Watu wananingoja kilomita sitini huko, na maziwa yao mkononi. Ninyamazishie tu."

Kerrow akainua gari kwa jeki. Akapitisha kiganja kwenye tairi la mbele la kushoto, na katikati ya njia kiganja kikapanda juu ya kitu na kushuka. Kivimbe. Kipana kama chapati ndogo, laini, chini ya mpira uliokuwa bado na meno mazuri.

Hapo, ndugu zangu, ndipo alipokosea. Hakukosea kwa kutojua, maana alijua. Alimtazama rafiki yake aliyekuwa akipigapiga mlango kwa vidole, akafikiri: nikimwambia, tutabishana nusu saa, tairi jipya hana, na maziwa yatamwagwa. Nitamwambia jioni, kwa utulivu, tukinywa chai. Basi akalifungua tairi lile, akalipachika risasi mbili, akalipeleka nyuma, na la nyuma akalileta mbele. Madereva wote wa huko wanaijua njia hiyo. Tairi bovu likiwa nyuma, usukani hunyamaza, na gari likijazwa mzigo hata kiti hakisemi kitu.

"Umeona?" Yarow alisema alipolijaribu na kurudi. "Robo saa. Kerrow, mikono yako iandikiwe pepo."

Akaondoka. Maziwa aliyapata. Ilipokaribia saa nne asubuhi, akirudi na mzigo, lami imeshapata moto, tairi la nyuma la kushoto lilipasuka, na pikapu ikabiringika mara mbili. Waliofika kwanza walisema barabara ilikuwa nyeupe.

Kerrow alikaa msibani kwa Yarow siku tatu. Alibeba maji, alitandika mikeka, aliwapokea wageni waliotoka mpaka Wajir. Kila aliyeingia alisema ni kadari ya Mungu, na kila aliyekuwa ameketi akaitikia kuwa ndiyo, ni kadari. Hakuna aliyeuliza habari za tairi. Neno lile lilikuwa la kweli, nalo lilifunga mlango, na Kerrow akabaki ndani.

Tangu siku ile hakusawazisha gurudumu tena. Kitovu chake alikifunika kwa gunia. Aliziba pancha, alijaza upepo, na aliyekuja na habari za kutetemeka alimwelekeza mjini. "Macho yamechoka," alisema, wakati kila mtu alijua kwamba hakuwahi kutumia macho.

Na kila Ijumaa Timiro alimletea chupa ya maziwa. Alikuwa amempata ndugu yake, Awil, aendeshe pikapu nyingine, na walipopita pale alimwambia asimame. "Hii ni ya mtu aliyetubebea maji," alisema. Kerrow aliipokea kwa mikono miwili. Alipika chai kwa maziwa yale, akainywa, kwa sababu kumwaga maziwa ya mjane hakuwezekani. Miezi kumi na minne. Hesabu Ijumaa hizo mwenyewe.

Sasa, mwezi uliopita, haikuwa Ijumaa, pikapu ile ikasimama chini ya turubai asubuhi na mapema, mitungi mitupu ikigongana nyuma. Timiro akashuka, akamwonyesha kikombe.

"Tazama."

Kikombeni mlikuwa na maziwa ya ng'ombe ya jana, na juu yake chembe za njano zikielea.

"Siagi," Kerrow akasema.

"Siku nne sasa. Maziwa yanatoka kwa wenyewe mazima, yanafika sokoni yameshasukwa. Gari linatetemeka, na huyu ananiambia ni barabara."

"Ni barabara, adeer," Awil akasema kutoka ndani. Adeer ndivyo vijana wa huko wanavyomwita mwanamume wa rika la baba. "Mimi naendesha, sisikii kitu. Huyu dada yangu anasikiliza maziwa kama wengine wanavyosikiliza redio."

"Na redio yangu haijawahi kunidanganya," Timiro akasema. "Kerrow, najua umeacha kazi hii. Ninakuomba. Simwamini mtu mwingine."

Angesemaje? Aliingia garini na Awil, wakaenda barabarani. Usukani ulikuwa kimya. Kwa mwendo wa themanini akahisi kitu kikimgonga mgongoni, kidogo, kwa mpigo, na walipopunguza mwendo hakikuisha bali kilipunguza mpigo tu. Wakarudi. Aliinua nyuma kwa jeki. Hakukuwa na tope. Nati zilikuwa zimekazwa. Akapiga magoti kwenye tairi la kulia, akafumba macho, akapitisha kiganja. Kikapanda juu ya kitu na kushuka.

Akapapasa tena palepale, na tena, mpaka Timiro akamwuliza kama mgongo unamuuma.

"Tairi hili limekwisha," alisema. "Lisiende popote. Vikeni la akiba."

Awil akashuka. "Limekwisha vipi? Tazama meno yake. La akiba lina viraka vitatu, wallahi afadhali hili. Tutanunua jingine wiki ijayo. Adeer, watu wanatungoja na maziwa yao. Liwekee risasi tu, linyamaze."

"Hapana."

"Mbona Yarow ulimfanyia? Aliniambia mwenyewe kwa simu asubuhi ile. Kerrow kaninyamazishia gari kwa robo saa. Alikusifu sana."

Jeki ilikuwa ikilia kidogo kwa uzito. Timiro hakumtazama ndugu yake. Alimtazama Kerrow, ambaye alikuwa bado kapiga magoti, mkono juu ya tairi.

"Lilikuwa na nini?" akauliza.

"Kivimbe. Kama hiki."

"Ulikiona?"

"Nilikigusa."

"Ukamwambia?"

"Nilisema moyoni nitamwambia jioni. Nikalipeleka nyuma ili usukani utulie. Ndilo lililopasuka."

Awil alitaka kusema kitu, dada yake akamzuia kwa kiganja.

"Ulikaa kwetu siku tatu," Timiro akasema. Sauti yake haikupanda. "Ulikunywa maziwa yangu mwaka mzima na zaidi. Ulimi ulikuwa wapi?"

"Kila mtu alisema ni kadari."

"Ni kadari. Mimi nasema hivyo mpaka leo. Lakini kadari haikukukata ulimi, Kerrow."

"Nisamehe."

Alikiweka kile kikombe chini, kwa uangalifu, kisimwagike. "Yule Kerrow asiyejua kitu nilikuwa nimeshamsamehe bila kuombwa. Huyu wa leo simjui bado. Nipe muda nimtazame." Halafu akaongeza, "Tengeneza gari. Watu wanangoja."

Akalitengeneza. Alitoa gunia kwenye kitovu, akalivika lile tairi la akiba, akalipapasa lote mara mbili, akalisukuma kwa kidole, akangoja. Risasi ya kwanza ilimponyoka ikaanguka mchangani, na Awil ndiye aliyeiokota akampa. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyemharakisha. Wafugaji wawili siku ile walimwaga maziwa yao kando ya barabara, ndivyo nilivyosikia.

"Lina viraka," alimwambia Awil mwishoni. "Hamsini, usizidishe. Na kesho nunua jipya."

"Hamsini, adeer."

Timiro aliingia garini akafunga mlango. Hakuaga.

Walipokwenda, Kerrow alichukua kisu kikubwa akalikata lile tairi bovu vipande vipande, mtu asije akaliokota na kulivika tena. Kwa kawaida tairi la namna hiyo hulikata vizuri, likawa hori la mbuzi kunywea maji au nyayo za makubadhi. Safari hii hakubakiza kitu.

Ijumaa ikafika. Nilikuwapo, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mahali alipopenda kukaa Yarow. Pikapu ilikuja kutoka upande wa mifugo, imejaa, na tairi jipya nyuma. Haikupunguza mwendo. Kerrow aliacha alichokuwa akifanya, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka ilipopotea kwenye nyumba za kwanza.

"Imetulia," akasema.

Akaenda kwenye jiko la makaa, akamimina bilauri mbili, yangu na yake. Ilikuwa chai ya rangi. Hakuomba radhi kwa kukosa maziwa, nami sikuuliza. Ijumaa tatu sasa, na pikapu bado haijasimama.