Kofia ya Shemeji Iliyobaki Kwihara

Mtu wa Tabora hana haja ya kuvuka mpaka wa mkoa ili apumzike. Hilo nimelisema kwa miaka mingi. Anayependa kuchungulia dirishani apande treni hadi Usoke, atazame mabani ya kukaushia tumbaku, ale mahindi ya kuchoma, arudi. Anayependa wali aende Igunga. Anayependa maji aende bwawa la Igombe, lakini asubuhi, maana mchana upepo hutia mchanga kwenye chakula. Na anayependa mambo ya kale aende Kwihara, atembee kwenye njia ya misafara. Asisahau kofia.

Kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam, alijua anampigia nani. Yeye na mumewe walikuwa wamestaafu. Dada alitaka warudi kuishi Chemchem, hapa Tabora mjini, kwenye kiwanja alichoachiwa na mama yetu, jirani na kwangu. Mumewe, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa hataki.

"Amekubali kuja wikiendi moja tu, kuangalia," dada alisema. "Pakimchukiza, basi tena, nitazeekea huku huku. Mpangie vizuri, kaka."

Nikapanga. Jumamosi Igombe, Jumapili Kwihara. Nikaongeza na tahadhari. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani haachwi apite kimya: hutukanwa, hunyang'anywa, na haruhusiwi kukasirika. Nikaona si vizuri mtu mwenye uamuzi mzito kama ule apokelewe kwa matusi. Nikapita mtaani nyumba kwa nyumba: "Mgeni wangu msimtanie. Mpeni heshima."

Wakampa. Ijumaa jioni majirani walimwamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, wakamwita mzee, wakamletea kiti kizuri.

"Hapa ndipo kwa wabeba mizigo?" shemeji aliuliza kwa sauti, akitazama huku na huku.

Seremala wa jirani, ambaye ulimi wake naujua, aliinamisha kichwa akasema, "Karibu sana, mzee."

Igombe palikuwa kama nilivyotaka. Maji yametulia, ndege weupe ukingoni, perege wa kukaanga na ugali wa moto.

"Haya maji hayana mawimbi," shemeji alisema.

"Ni bwawa, shemeji."

"Naona."

Alikula, akashukuru. Dada aliniangalia kama mkulima anayeona mvua ikinyesha shamba la jirani.

Jioni alinifuata jikoni. "Anasema watu wa hapa hawajampenda."

"Hawajampenda? Mtaa mzima umemwamkia!"

"Ndiyo hiyo sasa. Anasema wanamwamkia kama aliyefiwa."

Nilidhani ni uchovu wa basi.

Jumapili, Kwihara, nilimweleza habari za misafara kwa mpangilio: pembe za ndovu zilizokwenda pwani, nguo na shanga zilizorudi. Shemeji aliitikia kwa adabu ya mtu anayesubiri hotuba iishe. Mbele kidogo tukamkuta mama mmoja anauza uyoga kando ya njia. Dada akainama kuchagua wa kupeleka Dar. Shemeji akauliza bei.

"Baba, wewe wa wapi? Maneno yako si ya huku."

"Kisarawe."

Mama yule alisimama. "Mzaramo?" Hakungoja jibu. Kofia ya shemeji, ile ya kushonwa kwa mkono, ilikuwa tayari imehamia kichwani kwa yule mama. "Mmeuza minazi, mmeuza viwanja, leo mmekuja kutuuzia nini? Ngoma?"

Nikafungua mdomo kuomba radhi. Dada akanikanyaga mguu.

"Nipe kofia yangu, mbeba mizigo wee!" Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu shemeji afike.

"Mizigo? Babu zangu walibeba mpaka Bagamoyo, nyinyi mkiwauzia maji njiani! Leo zamu yako." Akamtwika ndoo ya uyoga.

"Shingo ya Mzaramo haikuumbwa kwa ndoo!"

"Kwa kutingisha ngomani tu, eh? Tembea!"

Akatembea. Mstaafu mzima, ndoo kichwani, kwenye njia ile ile ya wapagazi, watu wakitoka majumbani kumzomea, naye akiwajibu wote, hakumruka hata mmoja. Alipoitua ndoo mlangoni kwa yule mama, jasho lilikuwa linamtiririka na kicheko hakijaisha.

"Kumbe wapo," aliniambia. "Shemeji, ulikuwa umewaficha wapi?"

Ikabidi nimweleze nilivyopita mtaani kuwafunga watu midomo.

"Hata yule seremala?"

"Hata yeye."

"Maskini. Atakuwa ameumwa."

Wakati wa kuondoka ulipofika, mama yule bado alikuwa amevaa kofia. Mtani hupewa chochote kidogo ndipo airudishe, kwa hiyo nikatia mkono mfukoni. Shemeji akaushika.

"Iache. Nitakuja kuikomboa mwenyewe, nikishahamisha vyombo."

Dada alikuwa amekwisha kujaza mfuko wake. Aliutazama, kisha akaumimina wote kwenye ndoo.

"Wa kusafiri nao sichukui tena," alimwambia yule mama. "Nitakuja kuula huku huku."